Mdudu Mgeni wa Miti Atafika Wapi? Mwongozo wa Kuchora Ramani ya Utabiri

Maswali yanayonijia kuhusu kazi hii hayabadiliki. Mwanafunzi wa misitu anauliza apakue programu gani. Afisa wa kaunti anataka ramani yenye rangi nyekundu kabla ya mkutano wa Jumatatu. Mkulima wa mikaratusi kule Kiambu ndiye anayeuliza swali zito kuliko wote: huyu mdudu aliyeharibu miche ya jirani, kwangu atafika lini? Badala ya kumjibu kila mtu peke yake, nimeyaweka yote hapa.

Kabla hujawasha kompyuta, shika hili. Ramani ya mahali mdudu anapoweza kuishi si ramani ya mahali atakapofika. Maswali ni matatu: hali ya hewa inamfaa? Mti anaoutegemea upo? Nani atamleta? Programu nyingi hujibu la kwanza tu, na watu huchapisha jibu hilo wakidhani wamemaliza yote matatu.

Kwa mazoezi tutamtumia nyigu mdogo wa mikaratusi, Leptocybe invasa. Urefu wake unazidi milimita moja kidogo tu. Jike hutaga mayai kwenye mshipa mkuu wa jani, kwenye kikonyo na kwenye vijitawi vichanga, kisha pale panavimba na mti unadumaa, hasa ukiwa bado mche au ukichipua upya kutoka kwenye kisiki. Asili yake ni Australia. Aligunduliwa Mashariki ya Kati mwaka 2000, akaonekana magharibi mwa Kenya mwaka 2002, na wanasayansi wakampa jina rasmi mwaka 2004. Yaani alikuwa shambani kwetu kabla hajawa na jina. Nimemchagua kwa sababu ameshaenea: tunajua alikopita, kwa hiyo tunaweza kuukosoa utabiri wetu. Ukianza na mdudu ambaye hajafika nchini, hutajua kama umepatia au umepotea.

Unachohitaji

- Kompyuta yenye RAM ya GB 8 au zaidi.
- QGIS, programu ya kuchora ramani, na R, programu ya hesabu za takwimu. Zote ni za bure.
- MaxEnt, programu inayojifunza kutoka kwenye rekodi hali ya hewa inayomfaa mdudu; ilichojifunza ndicho tutakachokiita modeli. Nayo ni ya bure lakini inahitaji Java. Java ikikusumbua, tumia kifurushi cha maxnet ndani ya R.
- Akaunti ya GBIF, ghala la dunia la rekodi za viumbe. Haina malipo.
- Data ya hali ya hewa ya WorldClim, toleo la 2.1. Faili zake zenye pikseli (kijiraba kimoja cha ramani) ya kilomita moja hivi ni za gigabaiti kadhaa, kwa hiyo zipakue chuoni au ofisini usije ukamaliza bando.
- Simu yenye GPS, daftari, vichupa vya alkoholi na kioo cha kukuza.
- Ruhusa ya maandishi kama utakusanya chochote ndani ya msitu wa serikali. Usifike Karura au Msitu wa Ngong Road na vichupa mfukoni ukitegemea maelezo ya mdomo.

Hatua ya 1: Hakikisha ni mdudu yupi

Mikaratusi ya hapa ina wageni zaidi ya mmoja. Ukiona vivimbe kwenye majani na vikonyo, mshuku nyigu. Ukiona majani yamegeuka rangi ya shaba, pengine ni kunguni wa mikaratusi, Thaumastocoris peregrinus, aliyeripotiwa Kenya mwaka 2009 baada ya kuonekana Afrika Kusini mwaka 2003. Hawa wawili hawaishi namna moja, na ukichanganya rekodi zao utakuwa umetabiri mdudu asiyekuwepo duniani.

Kama una shaka, peleka picha na sampuli iliyokufa, ikiwa ndani ya alkoholi, kwa wataalamu wa wadudu wa KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, kule Muguga au icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, kule Kasarani. Narudia: iliyokufa. Ukibeba tawi bichi lenye vivimbe ndani ya matatu kutoka Limuru hadi Kasarani, wewe ndiye umekuwa njia ya kuenea.

Angalia pia majina ya zamani. Kidukari wa saiprasi aliitwa Cinara cupressi katika ripoti za miaka ya tisini, kisha mwaka 1999 wa kwetu akatenganishwa na kupewa jina la Cinara cupressivora. Ukitafuta jina moja tu, rekodi nyingi zitakupita.

Hatua ya 2: Kusanya rekodi za alikoonekana

Anza na GBIF, kisha ripoti za vituo vya utafiti, makala za kisayansi, na rekodi zako mwenyewe. Kila rekodi iwe na mahali, tarehe, aina ya mti na aliyeona. Tarehe usiiache kabisa, kwa maana bila tarehe Hatua ya 8 haitawezekana.

Chukua rekodi za kule alikotoka na za nchi zote alizovamia. Ukiilisha MaxEnt rekodi za Kenya peke yake, itaamini kwamba mdudu hawezi kuvumilia joto au baridi kuliko ile aliyoikuta hapa.

Hatua ya 3: Safisha rekodi

Hapa ndipo kazi nyingi zinapofia, na ndiyo sehemu ambayo hakuna anayependa kuifanya. Fungua pointi zote juu ya ramani ya QGIS na uziangalie kwa macho. Makosa ya kawaida ni haya:

Alama ya kutoa imesahaulika. Nairobi iko kusini mwa ikweta, latitudo yake ni kama -1.28. Ukiandika 1.28, mdudu wako wa Nairobi anahamia kaskazini, karibu na Maralal, kwenye hali ya hewa tofauti kabisa. Kosa hili ni baya kwa sababu pointi bado iko ndani ya Kenya, kwa hiyo haikushtui.

Latitudo na longitudo zimebadilishana nafasi. Hili angalau linajionyesha: pointi za Nairobi zinaelea baharini kusini mashariki mwa Uhispania. Zile zilizokaa sifuri kwa sifuri, kwenye Ghuba ya Guinea, ni za watu walioacha nafasi wazi.

Ramani za zamani. Ramani nyingi za topografia za Kenya zilitumia mfumo wa Arc 1960, wakati simu yako inatumia WGS84. Ukisoma namba kwenye ramani ya karatasi na kuziingiza kana kwamba ni za simu, unakosea kwa mamia ya mita. Kwa pikseli ya kilomita moja si msiba, lakini kwenye miteremko ya Ngong inatosha kukuhamisha bondeni.

Pointi za ofisini. Rekodi kumi zenye latitudo na longitudo ileile huenda ni za mtu aliyeandika mahali kituo chake kilipo, wala si mahali mti ulipo. GBIF ina safu ya data inayoonyesha pointi inaweza kukosea kwa mita ngapi. Kwa pikseli ya kilomita moja, mimi huondoa rekodi yoyote inayoweza kukosea kwa zaidi ya kilomita tano, hata kama inaniuma.

Mwisho, punguza msongamano. Watu huandika wadudu walipo barabara, chuo na mkahawa wa karibu. Kama una pointi arobaini kuzunguka Muguga na mbili Kakamega, modeli itajifunza Muguga tu. Acha pointi moja kwa kila kilomita kumi hivi. Kifurushi cha spThin kinafanya kazi hiyo. Ukibaki na pointi chini ya kumi na tano, rudi Hatua ya 2.

Hatua ya 4: Andaa data ya hali ya hewa

WorldClim ina vigezo 19, BIO1 hadi BIO19. Usivitumie vyote. Chagua vitano au sita unavyoweza kumweleza mkulima kwa nini vinamhusu mdudu: joto la wastani la mwaka, baridi ya mwezi wa baridi zaidi, joto la mwezi wa joto zaidi, mvua ya mwaka, na jinsi mvua inavyopishana kati ya miezi. Viwili vikifanana sana, tuseme uhusiano wao unazidi 0.7, bakiza kimoja.

Sasa onyo ambalo miongozo ya Ulaya haitakupa. BIO8, BIO9, BIO18 na BIO19 huchanganya joto na mvua za miezi mitatu mfululizo, kwa mfano joto la miezi mitatu yenye mvua nyingi zaidi. Sisi tuna misimu miwili ya mvua: ya masika, Machi hadi Mei, na ya vuli, Oktoba hadi Desemba. Nairobi masika ndiyo kubwa. Ukielekea Kitui na Makueni, vuli ndiyo inayotegemewa. Kwa hiyo mahali fulani kati ya hapo, "miezi mitatu yenye mvua nyingi" inaruka ghafla kutoka Aprili hadi Novemba, na joto lililopimwa linaruka nalo. Kwenye ramani yako utaona mstari mkali, kana kwamba kuna ukuta mashariki mwa jiji ambao mdudu hawezi kuuvuka. Ukuta huo umejengwa na hesabu. Nimeshaona mtu akiutungia maelezo ya kibayolojia, tena kwa ufasaha. Viache vigezo hivyo vinne.

Onyo la pili: katika toleo la 1.4 la WorldClim joto liliandikwa mara kumi, nyuzi 19 ikawa 190. Toleo la 2.1 limeandikwa kawaida. Ukichanganya faili za zamani ulizopewa na mwenzako na mpya ulizopakua, modeli itaona Nairobi inatokota.

Ukubwa wa pikseli nao una maana yake hapa. Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, Athi River ni kama mita 1,500, na kati yao ni mwendo wa asubuhi kwa gari. Pikseli ya dakika kumi (dakika za digrii, si za saa), yenye upana wa kilomita 18 hivi, inameza sehemu ya tofauti hiyo. Tumia ya sekunde 30, ile ya kilomita moja hivi.

Hatua ya 5: Chagua eneo la kulinganisha

MaxEnt inalinganisha mahali mdudu alipoonekana na pointi nyingine nyingi, kwa kawaida 10,000, zilizochukuliwa bila mpangilio. Ukizichukua dunia nzima, pamoja na Sahara na Siberia, modeli itakuwa hodari wa kukuambia kwamba nyigu wa mikaratusi haishi kwenye theluji. Chukua pointi ndani ya maeneo ambayo mdudu angeweza kufika, kwa mfano umbali wa kilomita 200 hadi 300 kuzunguka rekodi zake.

Hatua ya 6: Endesha modeli, kisha ipime kwa haki

Anza na modeli nyepesi, yenye mistari iliyonyooka na mipindo ya kawaida tu. Kuna kidhibiti cha kuzuia modeli isijifunze kila kibonde; kwa kawaida kimewekwa 1. Jaribu 1, 2, 3 na 4 ulinganishe. Kifurushi cha ENMeval kitakusaidia.

Kwenye kupima, usitenge pointi za majaribio ovyo ovyo. Pointi ya majaribio ikiwa jirani na pointi ya mafunzo, mtihani umeshavuja. Gawanya ramani kwa mapande na upime kwenye pande ambalo modeli haijaliona. Njia ninayoiamini zaidi kwa wageni ni ya wakati: fundisha kwa rekodi za hadi mwaka fulani, kisha uone kama zilizofuata zimeangukia kwenye maeneo uliyoyapaka rangi. Alama ya AUC hupima modeli inavyotofautisha mahali mdudu alipoonekana na pointi za kulinganisha; 0.5 ni sawa na kubahatisha. Ukipata 0.98, shuku eneo lako la kulinganisha kabla hujashangilia.

Toa pia ramani ya MESS, inayoonyesha mahali ambapo hali ya hewa iko nje ya yale modeli iliyojifunza. Maeneo hayo yapake mistari ya kijivu, hata kama mkuu wako anapenda ramani isiyo na mapengo.

Hatua ya 7: Weka miti kwenye ramani

Hali ya hewa ikiwa nzuri na mkaratusi haupo, nyigu hana cha kufanya. Ramani za bure za setilaiti kama ESA WorldCover zinaonyesha miti kwa pikseli ya mita kumi, lakini hazitofautishi mkaratusi na mgrevilea. Kwa eneo dogo kama Nairobi na Kiambu, changanya ramani hiyo na daftari lako: zunguka, weka alama kwenye mashamba ya mikaratusi, na uandike aina na umri. Miche na machipukizi ndiyo hatari zaidi, kwa hiyo shamba lililokatwa mwaka jana lihesabu zaidi kuliko lile lenye miti ya nguzo za umeme.

Hatua ya 8: Ongeza mwendo

Hadi hapa una ramani ya mahali panapofaa. Sasa tunaingiza wakati.

Kwanza tafuta kasi. Kwa kila eneo chukua mwaka wa kwanza mdudu alipoonekana, pima umbali kutoka pointi ya mwanzo kabisa, kisha chora umbali dhidi ya mwaka. Mwinuko wa mstari ni kasi. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, ukipata kilomita 120 ndani ya miaka sita, ni 20 kwa mwaka. Pima kwa mita kwenye mfumo wa UTM, usipime kwa digrii. Digrii moja hapa ni kama kilomita 111.

Halafu usiiamini namba hiyo peke yake. Kidukari wa saiprasi aligunduliwa Malawi mwaka 1986 na kufika Kenya mwaka 1990. Lilongwe hadi Nairobi kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 1,450. Gawanya mwenyewe. Mdudu mwepesi namna ile upepo unaweza kumsukuma mbali, lakini mwendo kama huo unakutaka pia uulize nini kilikuwa kinasafirishwa. Mdudu mwingine, kidukari wa sufi wa misonobari, Pineus, aliingia Kenya mwaka 1968 kupitia vijitawi vya kuunganishia miche vilivyotoka Australia. Hakuna modeli ya upepo ingeliona hilo.

Kwa hiyo gawa mwendo mara mbili: wa karibu, pale mdudu anaporuka mwenyewe au kusukumwa na upepo, na wa mbali, pale anapobebwa. Kwa nyigu wetu, kinachobeba ni miche. Nairobi imejaa vitalu vya kando ya barabara, kuanzia Ngong Road hadi Kiambu Road, na mche ulionunuliwa pale asubuhi unaweza kulala Machakos au Narok. Kampeni ya kupanda miti bilioni 15 ifikapo 2032 imeongeza safari hizo. Tarehe 13 Novemba 2023 taifa zima lilipewa likizo kupanda miti. Sipingi kupanda. Nasema tu kwamba ramani ya utabiri isiyo na vitalu ndani yake, kwa jiji hili, haijakamilika.

Namna ya kufanya: gawa eneo kwa miraba ya kilomita moja. Kila mwaka, kila mraba wenye mdudu uambukize majirani kwa uwezekano unaopungua kadiri umbali unavyoongezeka. Kisha ongeza miruko michache ya mbali kila mwaka, inayoanzia kwenye miraba yenye vitalu na kuangukia penye mashamba machanga karibu na barabara. Barabara utazipata bure OpenStreetMap. Zidisha kila uwezekano kwa alama ya hali ya hewa na ya miti. Rudia zoezi mara mia kadhaa, kwa sababu miruko ni bahati nasibu. Hesabu kila mraba uliambukizwa mara ngapi kufikia mwaka wa tano. Hiyo ndiyo ramani ya kumpelekea afisa wa kaunti.

Usisahau kwamba mwaka wa kuonekana si mwaka wa kufika. Nyigu huyu huchukua takriban miezi minne na nusu kutoka yai hadi kukomaa katika joto la chumbani, na majike huzaa bila madume. Mmoja tu anatosha kuanzisha ukoo, na vizazi kadhaa vitapita kabla mtu hajageuza jani. Anza kuhesabu mwaka mmoja au miwili nyuma.

Hatua ya 9: Nenda ukaangalie

Chagua miraba kumi yenye hatari kubwa na kumi yenye hatari ndogo, ukakague yote. Watu huenda kwenye miekundu tu, wakamkuta mdudu, wakapongezana. Andika pia ulipomkosa, ukieleza ulikagua miti mingapi.

Mambo yakikwama

*Ramani yote ni nyekundu.* Eneo la kulinganisha ni dogo mno, au kidhibiti umekiweka juu kupita kiasi. Kishushe kwanza.

*Wekundu umezunguka pointi zangu tu, kwingine kweupe.* Modeli imekariri. Punguza vigezo, pandisha kidhibiti, kagua msongamano wa Hatua ya 3.

*MaxEnt inakataa faili za hali ya hewa.* Karibu kila mara safu hazilingani kwa ukubwa au mipaka. Zikate zote kwa mpaka mmoja, pikseli zikae juu ya pikseli.

*R inaganda.* Kata data ya dunia ibaki Afrika Mashariki na maeneo yenye rekodi kabla ya hesabu yoyote.

*Mistari myembamba isiyo na maelezo.* Soma tena Hatua ya 4, halafu uone kama umeacha BIO18 ndani.

*Wanataka namba moja: atafika mwaka gani?* Toa miaka miwili, wa mapema na wa kuchelewa, kutoka kwenye marudio yako. Usikubali kusukumwa hadi kwenye mwaka mmoja.

*Nimemkuta kwenye kitalu.* Piga picha pamoja na kitu cha kupimia ukubwa, andika GPS, mwombe mwenye kitalu asitoe miche ya kundi hilo, kisha ripoti KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea, au kituo cha KEFRI kilicho karibu. Usimtaje mwenye kitalu mtandaoni. Akiaibishwa leo, wenzake wote wa barabara ile watakufungia mlango kesho, na pointi za mwaka ujao hutazipata.